Santuri ya Mbaruku

Najma alikuwa anaikaribia miaka arobaini na hajawahi kuisikia sauti ya baba yake. Aliijua kwa kusimuliwa tu. Akitoka dukani jioni, akikatiza Mtaa wa Likoma na mfuko wake wa nyanya, hakosi mzee mmoja barazani wa kumsimamisha: "We si binti Mbaruku? Mbaruku wa Mchafukoge Jazz? Aa, mwanangu, baba yako alikuwa anaimba!" Halafu mzee anatikisa kichwa, anacheka peke yake na mambo yake ya ujana, na Najma anabaki amesimama akingoja aambiwe zaidi. Haambiwi. Sauti nzito au nyembamba? Ya kubembeleza au ya kugombeza? Kila aliyewahi kuisikia aliona kusema "alikuwa anaimba" kunatosha, na Najma hakuwahi kumpata hata mmoja aliyejua kuendelea mbele ya hapo.

Mbaruku alifariki Najma akiwa bado ananyonya. Aliacha nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na uani nyuma, ambayo leo imebanwa na maghorofa kila upande mpaka jua linaingia kwa kuomba ruhusa. Aliacha mjane, Bi Mwanamkuu. Aliacha picha moja amevaa suruali ya bugaluu iliyotanuka chini, mguu mmoja mbele, mdomo wazi mbele ya maikrofoni. Na aliacha santuri, maana Mchafukoge Jazz ilikuwa bendi ya kweli enzi hizo, watu walivaa viatu vya kung'arishwa kwenda kuwasikiliza.

Hizo santuri Bi Mwanamkuu alizimaliza mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Siku ya arobaini ya marehemu, shangazi yake mmoja alisimama katikati ya akina mama akasema ameota. Amemwona Mbaruku amekaa mahali pasipo na kivuli, na kila wimbo wake unapopigwa huku duniani, kule anainuliwa na kuambiwa imba, na mdomo umejaa makaa. "Mnyamazisheni," shangazi akasema, "mnamtesa." Akina mama wakapiga kelele, mmoja akazimia au akajifanya kuzimia. Shangazi akala pilau yake akarudi kwao Mbwamaji, na sidhani kama aliikumbuka ile ndoto tena maishani mwake. Wapo watu wa namna hiyo, wanaacha moto kwenye nyumba ya mwenzao na kwenda zao kulala.

Bi Mwanamkuu hakulala. Alipotoka eda alianza safari. Ilala, Magomeni, Temeke, nyumba kwa nyumba na baa kwa baa, mwanamke wa baibui anaingia kwenye baa mchana kweupe kuuliza kama wana santuri za mume wake. Watu walimpa kwa roho safi. Walidhani mjane anakusanya kumbukumbu. Wengine walimfungia kabisa kwenye gazeti zisije zikachunika, na yeye akashukuru, akazibeba mpaka nyumbani, akazivunja uani moja moja kwa kisigino cha mchi. Waliokataa kutoa aliwasumbua mpaka wakachoka naye. Na kanda za studio ziliharibiwa na unyevu kabla yeye hajazifikia.

Kwa hiyo Najma alikulia nyumba ambayo redio ikianza tu kupiga zilipendwa, mkono wa mama unatoka popote ulipo na kuizima. Alipokuwa mtu mzima alimfuata ustadhi wa msikiti wa mtaani kwao, akamweleza habari yote. Ustadhi akamsikiliza vizuri, akamwambia ndoto ya mtu si hukumu, hesabu ya maiti iko kwa Mola wake, wao wamuombee dua. Najma alirudi mbio na habari hiyo kama mtu aliyepata barua ya ajira. Mama yake akamwambia, "Ustadhi hajaolewa na Mbaruku."

Usiharakishe kumlaani. Bi Mwanamkuu hakuwa mwanamke mkorofi, na muziki wenyewe hakuuchukia, alikutana na Mbaruku kwenye muziki huohuo. Alikataa kuolewa tena akiwa bado kijana wa kuangaliwa barabarani. Kila Alhamisi jioni alimsomea Yasini mume wake bila kuruka hata alipoumwa malaria. Alikuwa na kazi moja tu duniani, kumpunguzia Mbaruku joto, na aliifanya bila kupumzika. Lakini kazi ile ilimgharimu Najma, na Najma hakuulizwa.

Mtandaoni alishatafuta, sana. Kuna nyimbo mbili za Mchafukoge Jazz, na zote mbili kaimba mtu mwingine, wa baadaye.

Mwaka huu likaja tamasha la jazz. Mabango yakabandikwa mpaka kwenye nguzo za umeme za Kariakoo, mahema yakasimamishwa Mnazi Mmoja, wakaja wapiga tarumbeta kutoka ng'ambo na vijana wa Bongo wenye kofia za kuinamisha upande. Najma hakuwa na habari nalo. Yeye anauza mapazia kwenye duka la Mama Jovitha, Mtaa wa Mchikichi, na wiki hiyo kilichomkera ni kwamba magari ya tamasha yameziba barabara na wapagazi wanashusha marobota mbali.

Akaingia mteja, msichana wa miwani, mpole, anataka kitambaa kizito.

"Cha dirisha gani, dada?"

"Si cha dirisha. Nataka kutenga kona ya kusikilizia muziki, kelele za nje zipungue. Natoka maktaba ya umma ya kule Bungoni. Wiki hii ya tamasha tunaazimisha muziki."

"Maktaba mnaazimisha muziki? Siku hizi hamna vitabu?"

Msichana akacheka. Jina lake Candida. Akaeleza kwamba familia ya marehemu Mzee Athanas, yule aliyekuwa anauza sukari kwa jumla hapo Kariakoo, imewaletea sanduku zima. Mzee alikuwa na ugonjwa wa santuri, kila mwisho wa mwezi anapitia dukani anaongeza moja, anazifungia stoo asiziguse mtu. Sasa watoto wanaitaka stoo waweke mzigo. "Nyingi za nje, lakini na bendi za hapahapa zimo. Nyingine hata sizijui. Kuna sijui Mchafukoge Jazz..."

Rula ya mbao ikasimama juu ya kitambaa. Najma akamwomba Mama Jovitha ruhusa, akasema ana dharura ya familia, na hakusema uongo.

Maktaba yenyewe ni chumba kirefu chenye feni mbili, moja inafanya kazi. Candida akaitoa santuri kutoka kwenye sanduku akaishika kwa ncha za vidole. Ilikuwa ndogo, ya nyimbo mbili, jalada limeliwa na mende pembeni. Katikati, kwenye lebo nyekundu, maandishi yalisomeka vizuri: Mchafukoge Jazz Band. Mwimbaji, Mbaruku Shomari. Najma alilisoma jina hilo kama hajawahi kuliandika kwenye fomu zote za maisha yake. Akavuta kiti akakaa.

"Ni baba yangu," akasema.

Candida akaweka mkono mdomoni. Halafu, kwa sababu ni mtoto mwema, akaacha utaratibu wote. "Dada, ya nini kusumbuka? Kuazima mpaka uwe mwanachama, ulete barua ya serikali ya mtaa, ulete mdhamini mwenye nyumba yake. Achana na hayo. Mashine ile pale, hedifoni hizi hapa. Kaa, nikuwekee sasa hivi. Ni wimbo wa dakika chache tu."

Hedifoni zilikuwa mezani. Angenyoosha mkono angezifikia.

Akakataa.

Candida alidhani hakusikia, akarudia. Najma akakataa tena, huku machozi yanamtiririka. "Mama yangu yuko hai," akasema. "Yeye ndiye mjane. Nikimsikia baba kabla yake, nitakuwa nimemwibia."

Ndivyo alivyolelewa. Kwao chakula hakionjwi kabla ya mama, habari ya msiba au ya harusi haifunguliwi mpaka mama ameketi, na mtoto anayetangulia kuonja anaitwa mlafi mpaka uzeeni. Lakini kulikuwa na jambo jingine chini yake, na hilo Najma hakumwambia Candida. Alijipa matumaini. Alifikiri, mama akiisikia sauti yenyewe, siyo ile ya kwenye ndoto, atalia, na akilia ile ndoto itakufa, na watakaa wawili ukumbini kama watu waliofiwa na mtu mmoja. Alitaka kumsikia baba yake, na alitaka kumsikia akiwa na mama yake. Ulafi wake ulikuwa hapo.

Nasema alikosea. Mtoto wa kabila lisilo na haya angevaa hedifoni zile, angesikiliza mara kumi, na mama angeambiwa baadaye au asiambiwe kabisa. Najma alikuwa mtoto mwema, na wema ule ulimtoa pale maktaba mikono mitupu.

Jioni hiyo alimkuta mama yake uani anachambua mchele. Akapiga magoti, akamwamkia shikamoo mara ya pili kwa siku moja, na Bi Mwanamkuu akajua kuna jambo.

"Marahaba. Sema."

Akasema. Sanduku la Mzee Athanas, lebo nyekundu, jina. Ungo ukatulia mapajani mwa mama. Kuku wa jirani akaja akadonoa punje mbili na hakufukuzwa.

"Imesalia hiyo tu?" Bi Mwanamkuu akauliza.

"Sijawahi kuona nyingine, mama. Hiyo tu."

"Na ipo hapo wazi? Mtu yeyote anaiazima?"

"Wiki yote hii ya tamasha. Mwanachama yeyote anaichukua, anakwenda kuipiga kwake."

"Wataipiga," mama akasema polepole. "Majumbani mwao huko. Watairudiarudia."

"Ndiyo maana nataka tuwahi sisi, mama. Tuisikilize hapa, mimi na wewe, tuirudishe. Lakini wanataka mdhamini mwenye nyumba. Mimi sina nyumba."

Bi Mwanamkuu akaangalia mchele wake. Akatoa jiwe moja, akalitupa. "Nitakudhamini," akasema.

Najma hakuamini masikio yake. Aliushika mkono wa mama yake akaubusu, ungo ukapinduka, mchele ukamwagika wote, na mama hakugomba. Hapo ndipo angeshtuka. Mama aliyekaa miaka yote hiyo akizima redio za watu, leo anakubali kwa neno moja na hagombi mchele ukimwagika! Lakini mtu mwenye njaa haulizi mpishi amekubalije kupika. Usiku ule alilala akijiuliza atavaa nini.

Barua ya serikali ya mtaa ilipatikana kesho yake bila usumbufu, kwa kuwa mtendaji mwenyewe mama yake aliwahi kucheza na Mchafukoge Jazz, maana yake kucheza dansi. Bi Mwanamkuu akaenda kwa miguu yake mpaka Bungoni, akavaa miwani, akatia sahihi mahali pa mdhamini. Candida akamwamkia, akamsomea sharti kwamba kitu kikipotea au kuharibika mdhamini ndiye wa kujibu. "Nitajibu," Bi Mwanamkuu akasema. Candida akampa Najma santuri ndani ya bahasha ngumu, na akamkumbusha, kwa sauti ya chini, kwamba mashine bado ipo pale na kona sasa ina pazia zuri.

"Tunakwenda kusikiliza nyumbani," Najma akasema. Alikuwa anacheka ovyo kama mtu aliyechumbiwa.

Walipofika, mama akaichukua bahasha, akaingia nayo chumbani, akaiweka juu ya kitanda na kuifunika khanga. Kilichobaki ni mashine ya kupigia, ambayo wazee wanaiita kinanda cha santuri. Najma alikuwa amekwishaongea na Mzee Rogath, fundi redio wa Gerezani, Mmachame mtu mzima mwenye kibanda kilichojaa matumbo ya redio. Yeye alikuwa nacho kimoja kizima.

"Nenda kakichukue," mama akasema. "Usimharakishe mzee wa watu."

Mzee Rogath alikuwa amekiweka tayari mezani, ila sindano yake haikumridhisha. Akaitoa, akaipuliza, akatafuta nyingine kwenye kopo la maziwa. Huku anatafuta anasimulia. Alikuja mjini kijana, akalala kwa kaka yake Ilala, na Jumapili yake ya kwanza wakamchukua kwenye dansi la mchana. "Baba yako alikuwa na tabia moja, binti. Anaanza kuimba kabla gitaa halijaingia. Peke yake. Ukumbi mzima mnanyamaza mnadhani amekosea, kumbe hajakosea."

"Sauti yake ilikuwaje, mzee?"

Rogath akasimama na kopo mkononi. Akafikiri kwa haki kabisa. "Utaisikia mwenyewe muda si mrefu," akasema, "mimi nitaiharibu." Akapata sindano. Akaamua kwenda naye, akifunge mwenyewe, asije mtu akakichomeka vibaya. Wakapanda bajaji, kinanda kimepakatwa katikati yao.

Harufu iliwapokea ukumbini. Siyo ya chakula. Ni ile ya mfuko wa nailoni unaoungua, nzito, inakaa kwenye koo. Najma aliijua kabla hajaijua. Akapita ukumbini, akapita mlango wa chumba, khanga iko juu ya kitanda imekunjwa vizuri, akafika uani.

Jiko la mkaa lilikuwa linawaka. Juu ya makaa santuri ilikuwa imelala imejikunja pande zote kama chapati iliyosahauliwa, na ile lebo nyekundu imegeuka majivu katikati. Bi Mwanamkuu alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni, ametawadha, uso una maji, anavuta tasbihi. Alimtazama binti yake bila woga wowote.

"Nimemaliza," akasema. "Hakuna tena. Sasa atapumzika."

Najma alitia mkono kwenye makaa. Kweli, alitia mkono, na ni Mzee Rogath aliyeweka kinanda chini na kumvuta nyuma. Akatafuta koleo mwenyewe, akakitoa kile kilichobaki akakiweka sakafuni. Kilikuwa hakina duara tena. Rogath akakiangalia, akamwangalia mama, akamwangalia binti, akajua kwamba pale hapana ufundi wa mtu. "Poleni," akasema. Hakujua ampe nani pole, akawapa wote wawili, akabeba kinanda chake akaondoka.

"Ulinidhamini," Najma akasema. "Ulitia sahihi, mama. Mbele ya yule dada."

"Nilikwishamdhamini mtu mwingine kabla yako."

"Nilikuletea wewe. Ningesikiliza kulekule. Waliniwekea hedifoni mezani, nikasema hapana, mpaka mama yangu. Nilikuheshimu!"

"Najua," Bi Mwanamkuu akasema, na kusema kweli alisema kwa upole. "Ulifanya vizuri. Ungeisikiliza kule ungemwongezea."

Kuna maneno mtu akiambiwa anatamani kupiga. Najma hakuwahi kumwinulia mama yake mkono na hakumwinulia siku hiyo. Alijifunga kitambaa kwenye vidole vilivyoungua, akatia kile kipande ndani ya bahasha ya maktaba, akatoka nacho. Alikwenda kwa miguu. Alipita katikati ya Kariakoo yote na ile bahasha, akipishana na mikokoteni na vijana wanaonadi soksi, na kila spika ya kila duka ilikuwa inaimba, kila mtu na mwimbaji wake, na wake yeye yuko kwenye bahasha.

Candida aliifungua bahasha akachungulia ndani. Halafu akakitoa kile kitu akakiweka mezani polepole, kana kwamba kinaweza kuvunjika tena.

"Mna nakala?" Najma akauliza. Alikuwa amelishika swali hilo njia nzima. "Kwenye kompyuta. Siku hizi si mnaingiza kila kitu kwenye kompyuta?"

"Tulipanga kuanza Jumatatu. Tamasha likiisha. Tulisema wiki hii watu wafaidi kwanza." Candida akavua miwani. "Hata mimi sikuwahi kuipiga, dada. Sanduku zima ndiyo ile tu sikuipiga. Niliiona ina jalada baya nikasema nitaisafisha."

"Basi."

"Kwa nini hukusikiliza siku ile? Nilikuambia. Si nilikuambia?" Alikuwa hasemi kwa kulaumu, alikuwa analia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Najma akajikuta yeye ndiye anayembembeleza, anampigapiga mgongoni kwa mkono wenye kitambaa, anamwambia usijali, si kosa lako. Kisha akasema mdhamini atakuja mwenyewe kujibu kama alivyoahidi, akaaga.

Alirudi nyumbani alasiri ikiwa imepita. Mama yake alikuwa bado uani, amekwishaosha jiko, amepika na chai. Vikombe viwili. Kutoka Mnazi Mmoja upepo ulikuwa unaleta ngoma na tarumbeta za watu wanaojaribu vyombo kwa ajili ya jukwaa la jioni. Bi Mwanamkuu alikuwa anazisikia wala hakukunja uso.

"Siku hizi wanapiga vizuri," akasema.

"Zinakusumbua?"

"Za nini zinisumbue? Si zake."

Najma akakaa kwenye ngazi, siyo kwenye mkeka. Chai hakuigusa. Alikuwa amejiapia njiani kwamba hatasema neno, atakaa kimya mwezi, atahama. Lakini maneno yalikuwa yamemjaa.

"Wewe unayo," akasema. "Hilo ndilo linaloniuma. Santuri nyingine zote ulivunja, sikusema kitu, nilikuwa mtoto. Unazivunja halafu wewe unabaki nayo kichwani. Ukifumba macho usiku unamsikia. Umemsikia akiimba, umemsikia akikuita, umemsikia akiomba maji. Mimi nilitaka mara moja. Mara moja, mama, halafu ningekuwashia makaa mimi mwenyewe."

Bi Mwanamkuu alikuwa ameinua kikombe. Akakirudisha chini.

"Sina," akasema.

"Huna nini?"

"Ulipotoka kwenda kwa fundi niliingia chumbani nikaishika. Nikasema, kabla sijaiweka motoni nimsikie kwanza moyoni mwangu, kidogo tu, nimuage. Hilo haliwezi kuwa dhambi. Nikafumba macho. Uso nikauona. Mikono nikaiona, na lile suruali lake la kipuuzi. Nikauona mdomo unafunguka." Alijigusa koo. "Sauti haikuja. Nikangoja. Nikajaribu jina langu, alivyokuwa ananiita. Nalo halikuja."

Kule Mnazi Mmoja tarumbeta ikapanda, ikakatika, mtu akahesabu kwenye maikrofoni, wakaanza upya.

"Sijui imetoka lini," Bi Mwanamkuu akasema. "Nilikuwa naifukuza kila ikija. Nilidhani naifukuza ikae mbali kidogo."

Najma aliinuka kwenye ngazi. Alisimama mbele ya mama yake na mkono wake uliofungwa kitambaa ukiwa umening'inia.

"Kwa hiyo ulijua huna," akasema. "Ulijua na mimi sina. Na kinanda kiko njiani kinakuja. Ungeningoja tu. Ungeisikia tena."

"Nilijua."

"Na bado ukaichoma."

"Na bado."

Bi Mwanamkuu alianza kulia hapohapo alipokaa, kwanza bila sauti, halafu kwa sauti kubwa ya mtu aliyefiwa leo, mpaka majirani wa ghorofani wakachungulia madirishani. Alinyoosha mkono mmoja upande wa binti yake, ukabaki hewani ukimtafuta. Najma aliuona. Alisimama akimtazama mama yake akilia, na hakusogea.